Hesabu Ndani ya Hadithi: Mzinga wa Jules Verne na Madini ya H. G. Wells

Shaaban Robert alipotunga Kusadikika, kitabu kilichotoka mwaka 1951, aliiweka nchi yake angani, wala hakujishughulisha kueleza ni kitu gani kiizuiacho isianguke. Sijapata kumsikia msomaji aliyemdai maelezo hayo. Nchi ile haikuwekwa angani kwa nguvu yoyote ya maumbile. Imewekwa huko ili mtungaji apate nafasi ya kuzihukumu sheria na tawala za nchi zilizo chini. Karama asimamapo barazani kujitetea, twasikiliza hoja zake. Hatutazami chini ya miguu yake.

Lakini iko aina nyingine ya riwaya, nayo humlazimisha msomaji kutazama chini. Nasema juu ya zile ziitwazo riwaya za sayansi. Mtungaji wake hampeleki mtu mwezini mpaka awe amekwisha kutaja urefu wa chombo, uzito wa baruti na saa ya kuondoka. Akifanya hivyo amejifunga kwa ahadi ambayo Shaaban Robert hakuitoa wala hakuihitaji: ahadi ya kuwa maneno yake yaweza kupimwa. Mradi wa makala haya ni kuuliza jinsi ahadi hiyo ipasavyo kupimwa na mhakiki, ambaye kwa kawaida si mwanasayansi. Nitatumia vitabu vya watungaji wawili, Jules Verne wa Ufaransa na H. G. Wells wa Uingereza.

Kipimo kitumiwacho sana ni kile cha utabiri. Husemwa ya kuwa Verne alitabiri safari ya mwezini, kwa maana watu wake watatu waliondoka Florida, na Apollo 11 nayo iliondoka Florida tarehe 16 Julai 1969 ikiwa na watu watatu ndani yake. Sioni kuwa kipimo hiki chafaa. Mpiga ramli naye hupatia mara chache, na hatuziweki ramli zake katika maktaba pamoja na riwaya. Tena kipimo hiki humfanya msomaji mvivu: hutafuta mahali pa kushangilia, huacha mengine yote. Watu watatu kwa watu watatu ni sadfa tu. Florida kwa Florida si sadfa, lakini sababu yake si utabiri, kama tutakavyoona.

Tuanze na mzinga wenyewe. Hadithi ya Kutoka Duniani Mpaka Mwezini, iliyotoka mwaka 1865, yaanza katika mji wa Baltimore, katika chama cha wapiga mizinga. Vita vya Marekani vya wenyewe kwa wenyewe vimekwisha, na mabwana hawa, wengi wao wakiwa na mguu wa mti au mkono wa bandia, hawana la kufanya. Amani imewanyang'anya kazi. Ndipo Barbicane, mkuu wao, awapapo shauri la kuupiga mwezi kwa kombora. Msomaji asiyecheka hapa hajakielewa kitabu. Verne anawasuta watu ambao elimu yao yote ni ya kuua, na ambao wakikosa adui duniani humtafuta mbinguni.

Kisha hesabu zaanza, nazo zachukua sura baada ya sura. Chama chaandikia wanafalaki wa Cambridge, Massachusetts, nao wajibu kwa tarakimu. Mzinga utakuwa na urefu wa futi 900, yaani mita 274 hivi, na kinywa chake kitakuwa na upana wa futi 9. Hautafanywa kiwandani na kuchukuliwa mahali. Utamiminwa papo hapo ndani ya shimo, chuma cha kuyeyushwa tani 68,000, ukisimama wima ardhini. Utashindiliwa pauni 400,000 za pamba ya baruti. Kombora litakuwa la alumini, madini ambayo wakati ule wengi waliyajua kwa jina tu, kwa kuwa njia ya kuyapata kwa wingi kidogo iligunduliwa na Sainte-Claire Deville mwaka 1854, na njia ya rahisi ya umeme haikupatikana mpaka mwaka 1886. Mwendo wa kuanzia utakuwa yadi 12,000 kwa sekunde, karibu kilomita 11. Mwendo hasa unaotakiwa ili kitu kisirudi duniani ni kilomita 11.2 kwa sekunde. Aliyeitoa tarakimu hii katika kitabu cha kuburudisha cha mwaka 1865 hakuwa akibahatisha.

Mahali nako kulichaguliwa kwa hoja. Wanafalaki wa hadithi wataka mwezi uwe utosini mwa mbingu wakati wa kupiga, na mwezi haupiti utosini isipokuwa kwa watu wakaao kati ya ikweta na nyuzi 28 hivi, kaskazini au kusini. Katika Marekani ya siku zile, nchi zilizoingia ndani ya mpaka huo zilikuwa ncha ya Florida na kipande cha Texas, na ugomvi wa nchi hizo mbili juu ya heshima ya kuchimbiwa shimo ni miongoni mwa kurasa za kuchekesha kupita zote. Warushaji wa leo nao hupenda kuwa karibu na ikweta, lakini kwa sababu nyingine: dunia izungukapo, mtu aliye ikweta huchukuliwa kuelekea mashariki kwa mwendo wa mita 465 hivi kwa sekunde, na chombo kirushwacho upande huo hupewa mwendo huo bure. Ndiyo sababu Waitalia walikuja kusimamisha jukwaa lao la San Marco baharini mbele ya Ngomeni, karibu na Malindi, nyuzi 3 hivi kusini ya ikweta. Kutoka hapo ilirushwa setilaiti ya San Marco 2 tarehe 26 Aprili 1967, na tarehe 12 Disemba 1970, siku ya kuadhimisha uhuru wa Kenya, setilaiti ya kwanza iliyofanywa hasa kwa kuchunguza miali ya eksirei itokayo katika nyota, ikapewa jina la Kiswahili, Uhuru. Kwa hiyo pwani yetu yangekubaliwa maombi yake na wanafalaki wa Verne, ingawa kwa hoja isiyokuwa ile ya Waitalia.

Sasa na tuifuate hesabu mpaka mahali ambapo Verne aliiacha. Kombora laanza likiwa limetulia, na lifikapo kinywani mwa mzinga lina mwendo wa kilomita 11 kwa sekunde. Njia iliyopata kwa kuongeza mwendo ni mita 274 tu, hata tukilipa urefu wote wa mzinga bila kutoa nafasi ya baruti. Mwenye kujua hesabu ya skuli ataona kuwa safari ya ndani ya mzinga yachukua sehemu moja ya ishirini ya sekunde, na kwamba kwa muda huo kila kitu kilichomo chasukumwa kwa nguvu ipatayo mara 22,000 ya uzito wake. Mtu mwenye kilo 60 atajiona ana tani zaidi ya 1,300. Barbicane, Nicholl na Ardan hawangepata nafasi ya kuogopa.

Je, Verne hakulijua jambo hili? Alilijua kwa kiasi, maana aliweka chini ya sakafu ya kombora maji yenye kina cha futi 3, na mbao za kuvunjika moja baada ya moja, ili kishindo kipunguzwe. Lakini maji yale yawarefushia abiria njia ya kuongeza mwendo kwa mita moja juu ya mita 274. Ni kama mtu aangukaye kutoka juu ya mnazi akatandikiwa jani moja. Ajabu ni kwamba Verne, apimaye kila kitu, hakuupima mto huu. Badala ya hesabu atupa kisa: paka na kindi watiwa katika kombora la mzinga mdogo, warushwa, waanguka baharini, na kombora lifunguliwapo paka yu mzima naye amemla kindi. Twacheka, na tukicheka twasahau kuuliza. Huo ndio ufundi wa mtungaji: mahali ambapo tarakimu ingemwumbua ameweka kichekesho.

Nadhani hapa ndipo penye kazi ya mhakiki. Haitoshi kusema kuwa Verne alikosea. Yafaa kuuliza kwa nini hesabu yanyamaza mahali hapa na si pengine. Jibu langu ni kuwa mzinga haukuchaguliwa na sayansi, ulichaguliwa na kejeli. Kitabu kinachowasuta wapiga mizinga hakiwezi kutumia chombo kingine. Verne aliutaka mzinga kwanza, kisha akauvika tarakimu, na tarakimu zote zikakaa vizuri ila ile inayowahusu watu walio ndani. Ukitaka kujua tamaa ya mtungaji wa riwaya kama hii, usitazame mahali anapohesabu. Tazama mahali anapoacha kuhesabu.

Katika kitabu cha pili, Kuuzunguka Mwezi, kilichotoka mwaka 1870, pana kosa jingine ambalo kwangu ni la thamani kuliko la kwanza. Mmoja wa mbwa wawili waliochukuliwa, jina lake Satellite, aumia kwa kishindo cha kuondoka, akafa. Wasafiri wafungua dirisha upesi upesi, wamtupa nje. Baadaye, wakitazama kiooni, wamwona mzoga wa mbwa ungali pamoja nao, ukienda ubavuni mwa kombora kama abiria aliyekataa kushuka. Picha hii ni sahihi kabisa. Katika utupu hakuna upepo wa kumchelewesha. Mbwa na kombora vyavutwa sawasawa na dunia, basi vyaenda pamoja. Ni mojawapo ya kurasa bora za riwaya za sayansi, kwa kuwa ndani yake sheria ya maumbile imefanywa kuwa kitu cha kutisha na cha kuhuzunisha, bila neno moja la fundisho.

Na ndani ya dirisha lile lile, watu wamesimama sakafuni! Wala, wanywa, waweka bilauri mezani. Verne awaacha na uzito wao njia nzima, ila mahali pamoja tu, karibu sehemu tisa kwa kumi za safari, ambapo mvuto wa dunia na wa mwezi wawa sawa. Hapo ndipo anapowaruhusu kuelea kwa muda. Lakini sheria iliyomchukua mbwa nje ndiyo ingewachukua watu ndani. Kama mzoga hauachwi nyuma na kombora, basi Ardan naye hawezi kuikandamiza sakafu, maana sakafu nayo yaenda kama aendavyo yeye. Walipaswa kuelea tangu mzinga ulipowatema. Verne aliishika sheria kwa mkono mmoja, na mkono wa pili haukupata habari. Kosa hili halitoki katika ujinga. Mwili wa binadamu ulikuwa haujapata kuanguka zaidi ya sekunde chache na kurudi kusimulia, na fikira ya mtungaji, iliyoweza kutoka nje kumfuata mbwa, haikuweza kuuacha mwili wake mwenyewe.

H. G. Wells alipotoa Watu wa Kwanza Mwezini mwaka 1901, hakuhesabu kitu. Bwana Cavor, mwanasayansi aliyeghafilika na kila kitu ila kazi yake, afanya madini mapya, kavoriti, yenye tabia ya kuzuia uvutano kama mbao izuiavyo mwanga wa taa. Hujenga tufe la kioo, alifunika kwa mapazia ya kavoriti yawezayo kuviringishwa. Akifungua pazia la upande wa mwezi, mwezi wamvuta. Verne, katika mazungumzo na mwandishi wa magazeti mwaka 1903, alilalamika juu ya jambo hili: yeye hutumia sayansi, mwenzake hubuni, na kama yako madini ya namna hiyo, na yaonyeshwe. Lawama hii imekaririwa mara nyingi, na wengi wameichukua kuwa hukumu ya mwisho.

Mimi siikubali. Ni kweli kuwa kavoriti haiwezekani. Mtu akiweka bamba lake chini ya nusu moja ya gurudumu, nusu hiyo itakosa uzito na nusu ya pili itashuka, na gurudumu litazunguka milele bila kulishwa kitu. Na maumbile hayampi mtu kazi bure. Lakini angalia jinsi Wells alivyoutumia mkopo wake. Bamba la kwanza linapokamilika, hewa iliyo juu yake yakosa uzito papo hapo. Hewa ya pembeni yaikandamiza na kuirusha juu, na kimbunga chang'oa nyumba ya Cavor. Baadaye Cavor aeleza kuwa bamba lingebaki pale lilipo, hewa yote ya dunia ingemwagika mbinguni. Hilo ndilo neno la mtu aliyekopa uongo mmoja, akaulipa kwa ukweli hata senti ya mwisho. Na ndani ya tufe, mapazia yakiwa yamefungwa, abiria na mizigo yao waelea, kama walivyoelea hakika watu wa Apollo. Mbunifu ameipata hali ya msafiri wa anga karibu zaidi kuliko mwenye hesabu, ijapokuwa sababu aliyoitoa siyo.

Basi twaona njia mbili. Verne huweka ukweli mwingi na kuficha mwanya mmoja. Wells hutangaza mwanya mmoja mlangoni, kisha hufuata njia iliyonyooka. Sipendelei kusema ipi ni bora. Lakini ile ya Wells yampasa mtungaji uaminifu mkubwa zaidi kuliko watu wanavyodhani, na waigaji wake wengi wameuchukua mkopo, wakakimbia deni.

Wells mwenyewe alitumia njia ya Verne mara moja, na matokeo yake si ya kuchekesha. Mwaka 1914, kabla ya vita kuu ya kwanza kuanza, alitoa kitabu ambacho kwa lugha yetu tungekiita Ulimwengu Ulioachwa Huru. Alikuwa amesoma kitabu cha Frederick Soddy juu ya radiamu, kilichotoka mwaka 1909, akakitaja kwa shukrani mwanzoni mwa chake. Soddy alieleza kuwa ndani ya atomu mna hazina ya nguvu, nayo hutoka pole pole mno, kwa maelfu ya miaka. Wells akauliza: je, ikiwa mtu aweza kuiharakisha? Akaandika juu ya makombora ya atomu, akayapa jina hilo. Kwa vile radiamu hutoa nguvu bila kukoma, aliyafanya makombora yake yaendelee kulipuka siku baada ya siku, yakiyageuza majengo ya miji kuwa mashimo ya moto yasiyokaribika. Kwa namna ya kutenda alikosea. Kombora lililoangushwa Hiroshima tarehe 6 Agosti 1945 lilimaliza kulipuka kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho. Lakini hoja yake, ya kuwa silaha ya namna hii haina ngao, ilitoka moja kwa moja katika sayansi aliyoisoma.

Mwaka 1932 kitabu hicho kilisomwa na Leo Szilard, mwanafizikia wa Hungaria aliyekuwa akikaa Berlin. Mwaka uliofuata alikimbilia London, na mwezi wa Septemba 1933 akasoma gazetini ya kuwa Rutherford amewadharau wanaotumaini kupata nguvu kutoka atomu. Maneno hayo yalimkera. Akitembea mjini alifikiri: kama nyutroni moja itavunja kiini cha atomu na kutoa nyutroni mbili, na hizo mbili zikavunja viini viwili, mfululizo hautakuwa na mwisho. Alichukua hataza ya wazo hilo mwaka 1934, na mwaka 1936 akaikabidhi kwa wizara ya majeshi ya bahari ya Uingereza ili iwe siri. Mwenyewe alieleza baadaye kuwa alijua hatari yake kwa sababu alikuwa amemsoma Wells. Sijui mfano mwingine wa riwaya iliyomfanya mtu afunge mdomo kwa namna hii. Wahakiki husema kuwa fasihi huonya. Hapa lilipokelewa onyo, likaheshimiwa na mtu mmoja kwa miaka michache, na halikutosha.

Niliwahi kuwapa wanafunzi hesabu ya mzinga waifanye wenyewe darasani. Walipofika kwenye tani 1,300, mmoja aliweka kalamu chini akaniuliza: basi, Mwalimu, kwa nini tukisome kitabu ambacho watu wake wamekwisha kufa ukurasa wa kuondoka? Swali lilikuwa la haki, na siku ile sikulijibu vizuri. Nilisema jambo juu ya kejeli, na juu ya mbwa.

Jibu bora nilikuja kulipata kwa watu waliofanya hesabu ile ile kabla yetu. Konstantin Tsiolkovsky, mwalimu wa skuli katika mji wa Kaluga huko Urusi, aliyekuwa hasikii vizuri tangu utotoni, alikiri kwamba Verne ndiye aliyemtia mbegu ya fikira za safari ya anga. Mwaka 1903 alitoa maandishi yaonyeshayo kuwa chombo kiwezacho kutoka duniani ni roketi, kwa kuwa yenyewe huongeza mwendo kidogo kidogo. Hermann Oberth, aliyezaliwa mwaka 1894, alivisoma vitabu vya Verne akiwa mtoto, akapiga hesabu, akaona kuwa abiria watapondwa. Hakukitupa kitabu. Alianza kutafuta chombo ambacho hakitawaponda, na mwaka 1923 akatoa kitabu chake cha roketi. Laiti Verne angalisema kuwa watu wake waliruka kwa uchawi, mtoto yule asingalikuwa na kitu cha kusahihisha.

Tena roketi zenyewe zilikuwamo ndani ya kombora. Wasafiri wa Verne walizichukua ili wazifyatue wakati wa kushuka mwezini, wapunguze kasi ya kuanguka, na mtungaji hakuona shaka kuwa zitasukuma hata pasipo na hewa. Miaka 50 baada ya kitabu hicho cha pili, tarehe 13 Januari 1920, gazeti la New York Times lilimdhihaki Robert Goddard, mwanasayansi wa Marekani, kwa kuamini jambo hilo hilo, likimwambia kuwa amesahau masomo ya skuli. Gazeti hilo lilichapisha masahihisho tarehe 17 Julai 1969, Apollo 11 ikiwa njiani kwa siku ya pili.